Fitina na Mtu wa Tatu



Niliombwa nizungumze juu ya maneno tunayotumia watu wanapokosa kupatana. Nilichukua karatasi nikaanza kuyaorodhesha: ugomvi, utesi, mzozo, mtafaruku, mfarakano, uhasama, hitilafu, chokochoko, majungu, uchochezi, uchonganishi, fitina. Karatasi ikajaa. Lugha yenye msamiati mpana hivi kwa jambo moja, ama wenyewe ni wagomvi mno, ama wameuangalia ugomvi kwa karne nyingi mpaka wakaujua ukoo wake wote. Mimi naelekea kwenye hilo la pili, japo naona baadhi yenu mnacheka.

Leo nimeshika neno moja tu, lile la mwisho katika orodha. Nimelichagua kwa sababu limesafiri mbali, na njiani limebadilika tabia. Kiarabu kilitupa neno linaloweza kutaja janga lisilo na mwenyewe, nasi tukaligeuza likawa tendo la mtu. Tukalipa uso. Tulipata faida kubwa kwa kufanya hivyo, na hasara tuliyoipata nayo si ndogo.

Katika Kiarabu ni fitna. Sisi tumelitia irabu katikati, kama tulivyofanya kwa rehema na hekima, ingawa kwa wenyeji wengi wa Unguja na Mombasa bado mtalisikia likitamkwa fitna, kavu kabisa. Kabla ya kuwa neno la watu lilikuwa neno la madini. Al-Jawhari, mwanakamusi wa karne ya 10, anaeleza katika kamusi yake ya as-Sihah kwamba kuifitini dhahabu ni kuitia motoni ili uone ubora wake. Dinari iliyopitishwa motoni huitwa maftuni. Sonara, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake, huitwa fattani, na papo hapo mwanakamusi anaongeza kwamba shetani naye huitwa jina hilohilo. Ibn Manzur, aliyefariki mwaka 1311, anairudia asili hii ya tanuri katika Lisan al-Arab, na wanavyuoni waliomfuata hawakuiacha.

Neno la sonara tunalo hata sisi. Fungueni kamusi za Kiswahili mtalikuta fatani, na maana yake ni mfitini. Dhahabu imepotea kabisa. Amebaki yule jamaa yake mwingine.

Qurani inalitumia neno hili kwa upana ambao msemaji wa Kiswahili asiye na elimu ya dini hawezi kuukisia. Katika sura ya Adh-Dhariyat linatajwa pamoja na moto wenyewe, siku ambayo wakanushaji watafitiniwa juu yake. Hapo tuko karibu sana na tanuri la sonara. Katika Al-Anfal, aya ya 28, mali na watoto wanaitwa fitna. Mzazi wa Kiswahili akiisikia aya hiyo imetafsiriwa neno kwa neno hushtuka: mtoto wangu ni mfitini? La. Mtoto ni kipimo. Kwa ajili yake utajulikana wewe ni chuma gani. Mwanzoni mwa Al-Ankabut watu wanaulizwa kama walidhani wataachwa waseme tu kwamba wameamini bila kupitishwa katika fitna.

Halafu kuna aya ya 191 ya Al-Baqara, inayosema kuwa fitna ni kubwa, ni kali, kuliko kuua. Hii ndiyo aya iliyopata maisha mengine kabisa kwetu. Wafasiri wengi wanaieleza kuwa inahusu kuwatesa watu mpaka waiache dini yao, au inahusu shirki yenyewe; muktadha wake ni vita na kufukuzwa Makka. Lakini pwani hii aya hiyo husomwa mara nyingi zaidi kwenye ugomvi wa majirani: fulani kapeleka maneno kwa fulani, ndoa imeyumba, na mzee anayeamua anatikisa kichwa na kukumbusha kwamba fitina ni mbaya kuliko kuua. Mzee huyo hakosei sana. Ila hapo neno limeshahama nyumba.

Na si Waswahili peke yao waliohamisha. Upande wa pili wa Bahari ya Hindi, Wamalay na Waindonesia nao walilipokea neno hilihili, fitnah, na kwao maana iliyoshika ni kumsingizia mtu, kumchafulia jina kwa uongo. Wanayo hata methali iliyotokana na aya hiyohiyo, kwamba kusingizia ni ukatili kuliko kuua. Pwani mbili zisizosemezana kwa lugha moja, zilizofikiwa na majahazi, walimu na vitabu vya aina moja, zote mbili zililichukua neno la vita na mateso zikalifanya neno la ulimi. Waturuki, waliokuwa na dola kubwa na majeshi ya kuasi, walibaki karibu zaidi na maana ya uasi. Nadhani hili halikutokea kwa bahati. Katika miji ya biashara, ambamo mkopo hutolewa kwa kuaminiana na ndoa hufungwa kwa sifa ya ukoo, ulimi unaweza kuvunja kile ambacho kwingine huvunjwa na panga.

Maana ya zamani, hata hivyo, haikufa. Inaishi vinywani mwa watu walewale. Muislamu wa pwani anaposwali, katika tahiyatu ya mwisho, kabla ya kutoa salamu, huomba kwa Kiarabu akingwe na fitna ya uhai na mauti na fitna ya Masihi Dajali. Anamaliza, anakunja mswala, anatoka barazani, na mtu wa kwanza anayekutana naye anamwambia kwa Kiswahili kwamba pale kwa fulani kuna fitina. Maneno mawili katika mdomo mmoja, ndani ya dakika chache, na hakuna anayeona ajabu.

Kuna kisa kimoja katika Bukhari na Muslim ninachokipenda, na masheikh walio mbele yangu wataniwia radhi nikikisimulia kwa ufupi. Muadh bin Jabal aliwaswalisha watu wake isha, akasoma Al-Baqara, sura ndefu kuliko zote. Mtu mmoja, aliyechoshwa na kazi, akajitenga akaswali peke yake akaenda zake. Muadh akamsema vibaya. Habari ikamfikia Mtume, naye akamgeukia Muadh, akamwuliza zaidi ya mara moja kama yeye ni fattani, kisha akamtajia sura fupi za kusoma. Angalieni aliyeitwa hivyo. Muadh hakupeleka maneno kwa mtu wala hakuchonganisha watu wawili. Alikuwa mcha Mungu aliyepitiliza, na kupitiliza kwake kukamfukuza mtu kwenye jamaa. Kwa Kiswahili cha leo hatuna namna ya kumwita mtu wa aina hiyo mfitini. Tutamwita mkali, au mkorofi, au msumbufu.

Sasa vita. Mwaka 656 Khalifa Uthman aliuawa nyumbani kwake Madina, na miaka mitano iliyofuata ndiyo Waislamu wanayoiita Fitna, wakati mwingine Fitna Kubwa au ya Kwanza. Vita vya Ngamia karibu na Basra mwaka uleule. Siffin, ukingoni mwa mto Furati, mwaka 657. Nahrawan mwaka 658. Kuuawa kwa Ali mwaka 661. Maswahaba walipigana na maswahaba. Jina ambalo vizazi vilivyofuata vilikipa kipindi hicho ndilo linalonivutia. Waandishi wangeweza kukiita kipindi hicho uasi, na uasi una mwasi. Wengi wakachagua fitna, neno linaloeleza hali iliyowashukia wote na kuwapima wote, wema na wabaya, na wanavyuoni wengi wa Kisunni wakashauri kwamba mtu azuie ulimi wake asihukumu. Ilikuwa njia ya kuutaja umwagaji damu bila kumtaja mhalifu. Mtu anaweza kuiona kuwa ni busara, au kuwa ni kukwepa. Mimi naona ni vyote viwili.

Mawimbi ya fitna ile yalifika mpaka hapa kwetu. Baada ya Siffin walijitenga watu, ndio walioitwa Makhawariji, waliokataa usuluhishi wa binadamu katika ugomvi ule, na kutoka katika mkondo wao wa wastani ndiko Maibadhi wanakohesabu chimbuko lao, ingawa wenyewe hawakubali kuitwa Makhawariji, nao wana haki ya kusikilizwa. Ibadhi ikashika Oman. Ukoo wa Busaidi ukaja Zanzibar, na mji ukawa na sultani wa Kiibadhi juu ya raia ambao wengi wao ni Washafii. Ukawa na makadhi wa madhehebu zote mbili, kila mmoja akihukumu watu wake. Mambo mengi yalileta damu Zanzibar. Tofauti hiyo ya madhehebu haikuwa mojawapo.

Turudi kwenye lugha. Swali ni hili: maana ya kipimo ilikwenda wapi? Jibu ni kwamba haikuwa na nafasi, kwa sababu wengine walishakalia kiti chake. Kiarabu kilituletea maneno matatu ya kupimwa. Moja ni mtihani, ambalo mbali na shule bado tunalitumia kwa msiba: mtu akifiwa au akifilisika, tunamwambia huo ni mtihani. La pili ni balaa, ambalo asili yake pia ni kujaribiwa, nasi tukalipa maafa. La tatu ni fitina. Maneno matatu yenye maana zinazopishana kidogo tu yalipofika katika nyumba moja yakagawana kazi. Mtihani likachukua jaribio linalotoka kwa Mungu, balaa likachukua pigo, na fitina likaachiwa lile linalotoka kwa mwanadamu mwenzako. Wakristo wakaongeza majaribu, na mlango ukafungwa kabisa. Maana ya urembo unaomtia mtu wazimu, ambayo Kiarabu kinayo hadi leo, haikuvuka bahari. Kwa kazi hiyo Waswahili walikuwa na maneno ya kutosha.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu naingia katika sarufi, na sarufi ndiyo itakayotuonyesha fitina ya Kiswahili ni kitu gani hasa.

Chukueni vitenzi vyetu. Kugomba, peke yake, ni kukaripia. Kuteta ni kulalamika, au kumsema mtu. Tieni -an- mwishoni: gombana, tetana. Mara moja watu wamekuwa wawili, na kila mmoja ni mtenda na mtendwa. Hakuna mwenye kosa zaidi katika muundo wa neno lenyewe. Kibantu kilipenda sana mpango huu, hata mkopo ulipokuja ulivalishwa kanzu hiyohiyo. Mzizi wa Kiarabu wa kutenganisha ukawa farakana. Kuhitilafu kukawa kuhitilafiana. Kwa macho ya Kibantu, kutopatana ni jambo la wawili wanaotendeana.

Sasa ongezeni -ish-. Gombanisha. Kosanisha. Farakanisha. Chonganisha, ambalo ni jamaa wa chongea, yaani kumsemea mtu vibaya kwa mkubwa wake ili aumie. Mtu wa tatu ameingia chumbani. Wale wawili wa kwanza wamekuwa wanasesere, na nyuzi anazo yeye.

Fitini ni kitenzi kilichokuja na mtu wa tatu tumboni. Hakihitaji viambishi hivyo ili kumpata, ingawa fitinisha nacho tunacho. Amewafitini: lazima wawe zaidi ya mmoja. Na hata mtu akikwambia, “Amenifitini,” swali lako la kwanza litakuwa, “Kwa nani?” Huwezi kufitiniwa ukiwa peke yako, wala hufitiniwi na mtu mnayegombana naye ana kwa ana. Akikutukana usoni amekutukana. Akikupiga amekupiga. Ili iwe fitina, pawe na watu wawili waliokuwa na jambo jema kati yao, mapenzi, au biashara, au kuaminiana kazini, halafu mmoja apite katikati kwa siri. Vitenzi tunavyoambatanisha na neno hili vinasema hivyohivyo. Fitina hutiwa. Hupandwa. Huingizwa. Hatusemi kwa kawaida kwamba fitina imeanguka juu ya mji kama vile ukame.

Ndiyo maana nimesema tumelipa uso. Na uso huo wazee wetu waliujua vizuri. Methali inasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Watu huisoma methali hii kama sifa ya undugu. Mimi naisoma kama onyo kwa mtu wa tatu: kiti kile ni kitupu, kinakualika, usikikalie, nenda shamba. Nyingine inamtaja aliyekikalia bila haya: vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Hata mauti ya Fumo Liyongo, kama Muhammad Kijumwa alivyoyaweka katika utenzi wake, ni hadithi ya kiti hicho. Sultani wa Pate alimshindwa Liyongo kwa gereza na kwa hila za kila namna. Hakushinda mpaka alipopata njia ya kuingia kati ya baba na mwana. Alimwahidi kijana cheo na kumwoza binti, kijana akaenda kumwuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumwua, na akapata jibu: sindano ya shaba ya kitovuni. Sultani hakushika sindano. Mshindo mzima wa hadithi uko hapo, kwamba aliyechoma ni mwana, na kijana mwenyewe akafa bila kuifaidi ahadi. Kwa Kiarabu cha wanahistoria kisa hiki si fitna. Kwa Kiswahili hakuna fitina kuliko hiyo.

Neno lilipokwisha kuwa la watu wote, halikuuliza tena dini ya msemaji. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, inalitumia bila wasiwasi wowote. Katika Mithali sura ya 6, kwenye ile orodha ya mambo saba yanayomchukiza Bwana, wa saba na wa mwisho ni apandaye mbegu za fitina kati ya ndugu. Na katika Wagalatia sura ya 5, Paulo anapotaja matendo ya mwili, watafsiri wameweka fitina na faraka bega kwa bega. Neno la Kigiriki walilokuwa nalo mbele yao mahali pa fitina ni eritheia, ambalo Aristotle, karne nne kabla ya Paulo, alilitumia kwa hila za watu wanaowania vyeo. Sijui kama yupo aliyewanong'oneza watafsiri jambo hilo. Lakini mtumishi yeyote wa ofisi ya umma akiambiwa fitina ni hila za kuwania vyeo, hatataka maelezo zaidi.

Na ofisi ndiyo inayotufikisha kwenye siasa. Chama cha TANU, kilichoasisiwa Julai 1954, kilikuwa na ahadi za mwanachama ambazo baadaye CCM ilizirithi. Ya nane iliunganisha mambo mawili: mwanachama aliahidi kusema kweli wakati wote, na hapohapo akatangaza kuwa fitina kwake ni mwiko. Watoto wa shule wa kizazi changu tuliimba ahadi hizi mpaka zikawa sehemu ya pumzi. Angalieni uzito wa neno lililochaguliwa. Rushwa iliitwa adui wa haki. Fitina iliwekwa kwenye miiko, pamoja na vitu ambavyo mtu akivigusa, ukoo hauulizi sababu. (Mwiko pia ni kile cha kusongea ugali, na majungu, kama mnavyojua, hupikwa. Lugha yetu haiwezi kujizuia kutania.)

Nimeifikiria sana ahadi hiyo ya nane, na naona ndani yake kuna fundo. Inachukulia kwamba kweli na fitina ni maadui, kwamba aliyesema kweli hawezi kuwa amefitini. Maisha yanasema vingine. Mfitini stadi hasemi uongo. Uongo hugunduliwa na kumwumbua. Husema kweli ndogo, mahali pasipofaa, kwa mtu asiyefaa, saa isiyofaa. “Mwenzako jana alikuwa na wageni wazito nyumbani kwake, hakukwambia?” Kila neno ni sahihi. Hata sauti ni ya upole. Wageni walikuwepo, na ni kweli hakumwambia. Kilichobaki kitajipika chenyewe.

Upande wa pili wa mizani yuko mpatanishi. Tazameni tena umbo la neno: pata, patana, patanisha. Ni -an- na -ish- zilezile. Mpatanishi na mchonganishi wamekalia kiti kimoja, cha tatu, katikati ya wawili, wakiingia na kutoka na maneno. Na iko hadithi ya Mtume iliyopokewa na Umm Kulthum binti Uqba, kwamba hahesabiwi mwongo yule anayesuluhisha watu akafikisha maneno mema. Kwa hiyo tunaye mfitini anayeweza kutumia kweli tupu, na msuluhishi anayeruhusiwa kupunguza makali ya kweli. Ahadi ya nane haikuwa na nafasi ya kumweka huyu wa pili. Chama cha siasa, pengine, hakikuweza kuwa na nafasi hiyo. Kingeanzia wapi kumruhusu mwanachama kupinda maneno?

Lakini hasara kubwa ya neno kuwa na uso iko kwingine. Neno linalodai mtu wa tatu litamtafuta mpaka limpate, hata pale ambapo hayupo.

Wazee wa Zanzibar wanaijua miaka ya kuanzia uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957 kwa jina la zama za siasa, na wanapotamka “siasa” hapo, sauti yao inasema kitu kingine. Watu walisusa maduka ya wenzao. Walisusiana harusi na maziko. Uchaguzi wa Januari 1961 ulitoa viti 10 kwa chama cha ASP, 9 kwa chama cha ZNP na 3 kwa chama cha ZPPP, na kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja. Ukarudiwa mwezi Juni, na katika ghasia zilizofuata watu 68 wakauawa. Kila upande ulikuwa na jibu la haraka: tulikuwa tunaishi vizuri, wakaja wafitini. Kwa wengine wafitini walikuwa viongozi wa chama kile, kwa wengine watu wa bara, kwa wengine Mwingereza.

Wachochezi walikuwepo; magazeti ya wakati ule yanatosha kuwa ushahidi. Lakini kulikuwa na mambo ambayo hayakuhitaji mtu wa kunong'ona. Kulikuwa na wakulima walioishi katika mashamba ya mikarafuu ya watu wengine bila hati yoyote, na baada ya kura ya 1957 wako waliofukuzwa kwa sababu ya chama walichopigia. Kulikuwa na utaratibu wa uchaguzi ulioweza kuigeuza kura moja ikaamua nani atatawala. Ukiita yote hayo fitina, umeshasema kwamba kabla yake palikuwa na upatano, na kwamba ukimwondoa mfitini upatano utarudi. Mwanahistoria wa Kiarabu aliyeandika fitna kuhusu mwaka 656 alikosea kwa kumficha mtu nyuma ya janga. Sisi tunaweza kukosea kwa kulificha janga nyuma ya mtu.

Na mwenye madaraka anaijua siri hiyo. Karani anayeuliza fedha za ushirika zimekwenda wapi, mwanamke anayesema kwenye kikao cha ukoo kwamba shamba la yatima limeuzwa, mwanafunzi anayepeleka malalamiko: ukiwajibu hoja zao utachoka, lakini ukiwaita wafitini umemaliza. Tuhuma hiyo haihitaji ushahidi, kwa sababu kazi ya mfitini ni ya siri na kutoonekana kwa ushahidi ndiyo alama yake. Hapo neno lenyewe limefanya ile kazi linayoitaja. Limeingia kati ya msemaji na wasikilizaji wake, likawatenganisha.

Ndiyo maana nimefurahi kuona, baada ya machafuko ya 2007 na 2008, Kenya ilipotunga sheria na kuunda tume, jina lililochaguliwa lilikuwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Halimtaji mkosaji. Utangamano linatoka katika tangamana, tena lenye -an- yetu ya zamani, ya watu wanaotendeana bila wa tatu. Kama tume imefanya kazi yake vizuri au vibaya ni mjadala wa Wakenya, nao wanaufanya kwa sauti kubwa.

Nimebakiwa na dakika chache, na sitaki kuondoka bila kugusa mpira, maana naona kuna jezi humu ndani. Katika soka la Tanzania neno hili linageuka tena mbele ya macho yetu. Shabiki wa Simba au wa Yanga anaposema mpira una fitina zake, anakusudia yale yote yanayofanyika nje ya mistari: timu ngeni kuzungushwa mjini na basi, kupewa uwanja wa mazoezi wenye mashimo, kelele za ngoma usiku chini ya madirisha ya hoteli. Timu yake ikifanyiwa hivyo ugenini, hulaani. Timu yake ikishindwa nyumbani, husema kwa masikitiko kwamba siku hizi klabu haina watu wa fitina, kama vile anasema haina beki wa kushoto. Anaona upungufu, haoni aibu. Hamtafuti mtu aliyepita kati ya wawili, na kiti cha tatu hakimhusu. Fitina imekuwa aina ya ufundi.

Ikiwa maana hiyo itabaki uwanjani, wahariri wa kamusi hawana haja ya kuamka usiku. Ikihamia kwenye kampeni na kwenye ofisi, na wako watakaosema imeshahamia, basi mtu ataanza kuitwa mfitini kwa kusifiwa, na ahadi ya nane itahitaji tanbihi. Vijana mlioko viti vya nyuma mnalisikia neno hili kila siku kuliko mimi. Ningependa mniambie mnalitumiaje. Kipaza sauti kiko huru.